Fungu la Kwanza ni la Nani?

Mashine ya kusaga ilinunuliwa kwa fedha za Somalia. Ndivyo walivyosema majirani wa Gitega, na walisema kweli. Majeshi ya Burundi yalianza kwenda kulinda amani nchini Somalia mwezi wa Desemba 2007, na katika miaka iliyofuata askari wengi waliorejea salama walileta nyumbani akiba ambayo mshahara wa kambini peke yake usingeweza kuiweka. Wengine walijenga nyumba, wengine wakanunua pikipiki. Sajenti mmoja na mkewe walinunua mashine ya kusaga mahindi na mihogo, wakaiweka katika banda la mabati kando ya barabara. Mke ndiye aliyekuwa msimamizi, maana mume alikuwa mtu wa kuitwa na kuondoka.

Waliajiriwa vijana watatu: wawili wenyeji wa Gitega, na wa tatu mtoto wa mjane mmoja wa Muyinga. Kwa hiyo bibi yule, ambaye hapo kwanza alikuwa mke wa askari tu, akawa mwajiri bila ya kujitambua. Alijua bei ya mahindi, alijua bei ya mafuta ya mashine, na kila jioni aliandika hesabu katika daftari la shule. Jambo moja halikuwa na ukurasa katika daftari lile: nini kitatendeka siku mashine itakapomuuma mtu.

Siku hiyo ilifika asubuhi ya soko. Mkanda wa mashine uliteleza, kijana wa Muyinga akanyosha mkono kuurudisha kabla injini haijasimama, na kidole kimoja kikapotea. Bibi hakuchelewa. Alimfunga mkono kwa khanga yake, akampeleka hospitali, akalipia dawa na bendeji kutoka mfukoni mwake. Watu walimsifu. Lakini usiku, watoto walipolala, aliwasha taa, akafungua daftari na kuandika gharama zote chini ya jina la kijana. Pembeni akaongeza: atakatwa polepole.

Hakuandika hivyo kwa ukatili. Bibi alikuwa na bima moja, ya moto, aliyoikatia mashine. Wakala alimfahamisha kwamba hasara yo yote ikitokea, fungu la kwanza atalibeba mwenye bima mwenyewe, na kampuni itaanzia pale atakapoishia yeye. Wenye kusema Kifaransa huliita fransizi. Kutokana na maneno hayo bibi alijifunza kwamba kila hasara ina fungu la kwanza, na kwamba fungu hilo ni la aliyepatwa. Sasa aliyepatwa alikuwa ni kijana.

Sajenti alirudi likizo wiki ya pili. Akalisoma daftari kama kawaida yake, akafika kwenye ukurasa ule, akanyamaza kwa muda mrefu.

“Mama watoto,” akasema, “bunduki ikimlipukia askari mikononi akiwa zamu, hukatwa mshahara kulipia bendeji?”

“Hakatwi.”

“Na kijana huyu alikuwa zamu kwa nani?”

“Kwetu,” akajibu mkewe. “Lakini ada za watoto nazo zimo katika mashine hiyo hiyo, Baba watoto. Nikilipa yote, nani atanilipa mimi?”

Swali hilo halikuwa la kipuuzi, wala halikuzaliwa Gitega. Limewasumbua wenye mali na watunga sheria tangu bima za wafanyakazi zilipoanza. Wajerumani, ambao waliitawala Burundi hadi mwaka 1916, walitunga kwao sheria ya bima ya ajali kazini mwaka 1884. Bima hiyo ililipiwa na waajiri, lakini haikuanza kumhudumia majeruhi mpaka zipite wiki 13. Kabla ya hapo alitegemea zaidi mfuko wa ugonjwa uliowekwa kwa sheria ya mwaka 1883, ambao theluthi mbili za michango yake zilitoka kwa wafanyakazi wenyewe. Basi hata katika sheria ile iliyosifiwa dunia nzima, sehemu kubwa ya fungu la kwanza iliangukia mfukoni mwa aliyeumia.

Siku hizi, huko Marekani, waajiri wengi wakubwa hukubali kubeba fungu la kwanza la kila ajali ili wapunguziwe ada ya bima. Hata hivyo, kampuni ya bima humlipa mfanyakazi kwanza haki yake yote, kisha humgeukia mwajiri kudai fungu lake. Fungu la kwanza ni mapatano baina ya mwajiri na mwenye kampuni, majeruhi hayumo. Hapo ndipo bibi wa Gitega alipokosea. Alichukua sharti alilowekewa yeye, akamtwika kijana.

Sharti lenyewe lina sababu zake. Jeraha dogo likipelekwa bimani, karatasi zake huweza kugharimu kuliko jeraha. Tena, mwajiri ajuaye kwamba faranga za kwanza zitatoka kwake hukaza mkanda wa mashine mapema. Lakini dawa hiyo ina sumu ndani yake: mwajiri mwenye roho ndogo huificha ajali, au humwambia mfanyakazi, “Nyamaza, tutaelewana.”

Nchini Burundi bima ya ajali kazini si jambo geni. Taasisi ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii, INSS, ilianzishwa mwaka 1962, na sheria ya hifadhi ya jamii ilitungwa upya mwaka 2020. Katika miaka ya 2010, mwajiri alitakiwa kutoa asilimia 3 ya mshahara kwa ajili ya hatari za kazini, na mshahara uliohesabiwa haukuzidi faranga 80,000 kwa mwezi. Yaani mchango wa juu kabisa kwa mtu mmoja ulikuwa faranga 2,400. Mfanyakazi hakukatwa hata senti kwa ajili ya mchango huo.

Bibi aliposikia hesabu hiyo alishika shavu. Vijana wake watatu hakuwaandikisha po pote. Akaelewa jambo ambalo wakala wa moto hakumwambia: aliyekata bima, fungu lake la kwanza lina kikomo, asiyekata, fungu lake la kwanza ndilo la mwisho pia, na halina mpaka.

Jumamosi akapanda gari la Muyinga kupitia Karuzi, daftari likiwa ndani ya mkoba. Kijana alikuwa kwa mama yake, mkono umefungwa, akijizoeza kushika jembe kwa vidole vilivyobaki. Mjane alimkaribisha mgeni kwa maharage na ndizi. Hakulaumu. Aliuliza neno moja tu: “Mama, siku hizi anazokaa bure, atazilipa nani?”

Bibi akafungua daftari, akaufuta mstari ule mbele yao, kisha akahesabu mshahara wa wiki tatu na kuuweka mkekani. Ilikuwa fedha ya ada ya muhula. Mtoto wake mkubwa alichelewa shule siku 10, na baba yake hakukopa ili kuificha aibu hiyo. Kidole hakikurudi. Lakini kijana alirudi Gitega, akawekwa kwenye mizani, na mkanda wa mashine ukajengewa kizuizi cha mbao kabla ya injini kuwashwa tena.

Nyumba nyingi za askari na polisi siku hizi zina duka, karakana, au pikipiki inayoendeshwa na kijana wa watu. Kila nyumba ya namna hiyo ina mwajiri ndani yake. Yampasa awaandikishe wafanyakazi kabla ya ajali, aulize fungu lake la kwanza ni kiasi gani kabla ya kutia sahihi, na aliweke akiba mapema. Na jeraha, hata likiwa dogo, litolewe taarifa.

Katika daftari la Gitega sasa kuna ukurasa mpya. Juu yake pameandikwa: fungu letu. Kila mwisho wa mwezi, kabla ya sukari na sabuni, ukurasa huo hutiwa chochote.