Mshumaa wa Biharusi: Kilichomo Ndani ya Bilauri



Kila Ramadhani ikimalizika na harusi kuanza, maswali yanayotufikia huku Lushoto ni yale yale. Mshumaa wa soya hutengenezwaje? Utafika kisiwani bila kuyeyuka? Na huo wa udi, ni udi kweli? Sisi tunaoandika ni wawili, mtu na wifi yake: mmoja mzaliwa wa Unguja aliyeolewa milimani, mwingine Msambaa wa hapa hapa. Kazi yetu ya asili ni cherehani. Mishumaa tuliianza kwa ajili ya mabiharusi tunaowashonea, waliotaka zawadi ndogo ya kuwapa wageni na kitu cha kunukiza chumba siku za fungate. Leo tunawapa namna tunavyoitengeneza, pamoja na jambo ambalo kwetu ni zito zaidi: ukweli wa kilichomo.

Nta ya soya ni mafuta ya soya yaliyogandishwa kiwandani kwa gesi ya haidrojeni. Mishumaa yake ilianza kuenea Marekani miaka ya 1990. Soya inalimwa kwetu Ruvuma na Mbeya, lakini nta tunayonunua inatoka nje, na bei yake iko juu kuliko parafini, ambayo hutokana na mafuta ya petroli. Hapo ndipo shetani anapokaa. Mtu akichanganya parafini nyingi na soya kidogo, akatia rangi na manukato, mnunuzi ataona bilauri nzuri tu.

Tena mishumaa mingine hutiwa stearini ili iwe migumu, na stearini hutoka ama kwenye mawese ama kwenye mafuta ya wanyama. Mnyama gani, kachinjwa vipi, karatasi ya bei haisemi. Katika hadithi ya Jabir, Mtume (s.a.w.) aliulizwa juu ya mafuta ya mzoga ambayo watu walipaka majahazi na kuwashia taa, naye akakataza. Wanazuoni wamekhitilafiana kama kilichokatazwa ni kuyauza tu au hata kuyatumia. Sisi si wanazuoni, kwa hiyo tumechagua njia nyepesi: tusichokijua asili yake hatukitii.

Mwaka jana muuzaji mmoja alituletea nta kwa nusu ya bei, akaapa kuwa ni soya tupu. Tulikuwa na oda mkononi, na faida ingelipa ada ya muhula mzima ya watoto wetu. Tukaichunguza. Soya ya mishumaa ya bilauri ni laini, nyeupe kama maziwa mazito, na ukucha huingia bila taabu. Hii ilikuwa ngumu, nusu inapenya mwanga. Tukamwomba karatasi ya kiwanda, hakuwa nayo. Tukamrudishia mzigo wake. Hatusemi parafini ni haramu. Tunasema usiiite soya. Mnakumbuka kisa cha Mtume (s.a.w.) alipotia mkono ndani ya rundo la nafaka sokoni, vidole vikatoka na unyevu. Alimwambia mwenye mali aiweke ile iliyolowa juu, watu waione, kisha akaonya kuwa anayeghushi si katika sisi. Mshumaa nao ni rundo: juu pazuri, na ndani hapaonekani mpaka uwake.

Sasa tuingie jikoni. Kwa kilo moja ya nta utapata bilauri tano za gramu 200, ukitoa kinachobaki kwenye sufuria. Weka nta kwenye sufuria ndogo, uitie ndani ya sufuria kubwa yenye maji, moto mdogo. Sisi hutumia gesi, maana mkaa huwezi kuupunguza ghafla. Tumia kipimajoto, usikisie. Nta ikifika nyuzi 75 hadi 80, epua, tia mafuta ya manukato gramu 60 hadi 80 kwa kilo, koroga taratibu dakika mbili. Yawe mafuta yaliyotengenezwa kwa ajili ya mishumaa. Marashi ya kujipulizia mwilini yana spiriti, na spiriti hushika moto. Bandika utambi wa pamba katikati ya bilauri, usubiri nta ishuke hadi nyuzi 55 au 60, kisha mimina. Usiuwashe siku hiyo. Uache wiki moja hadi mbili ili harufu ishikane na nta. Haraka haraka haina baraka, na hapa utaiona kwa pua yako mwenyewe.

Nta ikishika moto usimwagie maji hata kidogo, italipuka. Funika sufuria kwa kifuniko, uzime jiko.

Hali ya hewa nayo ina neno lake. Lushoto iko mita zipatazo 1,400 juu ya bahari. Mwezi wa Julai mafuta ya nazi yanaganda kabatini, na nta ikimiminwa kwenye bilauri baridi hujitenga na kioo, ikaota mabaka meupe. Tunapasha bilauri kwanza kwa maji ya moto, tunazikausha vizuri, na baada ya kumimina tunazifunika kwa boksi zipoe polepole. Unguja kuna shida nyingine: joto hufanya soya itoe jasho la mafuta juu.

Njiani ndiko kwenye mtihani mkubwa. Mshumaa unashuka Soni hadi Mombo, ambako joto ni jingine kabisa, kisha Tanga, kisha boti. Soya nyingi za bilauri huyeyuka kati ya nyuzi 45 na 50, na buti la gari lililoegeshwa juani linaweza kufika huko. Kwa hiyo mishumaa ya kisiwani tunaichanganya: gramu 900 za soya, gramu 100 za nta ya nyuki iliyochujwa, kwa kuwa nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64. Lebo yake inasema hivyo hivyo: soya na nta ya nyuki. Neno “soya tupu” tunaliacha kwa ile iliyo tupu.

Na harufu je? Udi halisi ni kuni ya kufukizwa kwenye chetezo. Harufu ya udi ya kwenye mshumaa wa kawaida, na ya asumini pia, imetengenezwa maabara, nasi tunamwambia biharusi hivyo. Mshumaa hauchukui nafasi ya chetezo cha bibi yako. Karafuu na mchaichai ni rahisi kupata ya kweli. Pale Wawi, Chake Chake, kuna kiwanda cha mafuta ya makonyo ya karafuu. Tia kidogo tu, karafuu ni kali. Wapo wanaotuomba “harufu ya ua la Usambara”, lile ua dogo la zambarau ambalo Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire alipeleka kwao mwaka 1892, na leo linapandwa kwenye vyungu dunia nzima. Ua lile ni zuri, lakini halinukii. Tukiuza harufu yake tutakuwa tumeuza hewa.

Karibuni biharusi mmoja alitaka mishumaa 150 ya wageni kwa siku sita. Tulipomweleza kuwa haitakuwa imeiva, akasema, “Dada zangu, tieni harufu tu, nani ataangalia?” Tukamjibu kuwa yeye ndiye atakayeangalia, wageni watakapoiwasha makwao na isinukie, na jina lake limeandikwa kwenye utepe. Tulimshauri awape wageni vifuko vya iliki na mdalasini, ambavyo tuliweza kuvishona kwa siku tatu, na mishumaa miwili iliyokwisha kuiva tukamwekea ya chumbani. Pesa ilipungua sana. Lakini wenzetu wawili wametujia kupitia kwake, nasi tunamshukuru Mungu. Chema chajiuza.

La mwisho ni moto wenyewe. Hatuwadanganyi kuwa soya haina moshi. Kila mshumaa una wake. Kata utambi ubaki milimita tano, fungua dirisha kidogo, usiwashe zaidi ya saa nne mfululizo. Chumba cha biharusi kina chandarua, mapazia na shela, vyote vinashika upesi. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tuzime taa kabla ya kulala, akataja panya anayeweza kuukokota utambi na kuiunguza nyumba. Basi mshumaa uzimwe mkiwa macho, hata kama usiku ni mtamu.

Mwenyezi Mungu awajaalie mabiharusi wetu nyumba zenye harufu njema na rizki ya halali, na sisi tunaouza atujaalie ulimi wa kweli. Amin.