Kentucky Derby: kijana ana farasi wake, mama ana hesabu yake

Jumamosi, tarehe 3 Mei 2025, farasi wa miaka mitatu walikimbia Kentucky Derby kule Louisville, Marekani. Ni mji wanakoishi jamaa wengi wa Fizi waliopitia kambi ya Nyarugusu, ndiyo maana habari ilifika hadi Baraka.

Katika ua mmoja hapa, mama mkimbizi alibishana kwa simu na kijana wake aliyekuwa huko. Kijana alitaka kuweka dola 50 kwa Journalism, aliyepewa nafasi kubwa: alikuwa amekimbia mara tano, ameshinda nne. Wenzake kazini walimtaja Sandman, mshindi wa Arkansas Derby, na Sovereignty, aliyekuwa wa pili Florida. Lakini mwaka 2022 Rich Strike aliingizwa siku moja tu kabla ya mbio, akawapita wote.

Mama alishika hapo hapo. Kama hata huyo alishinda, nani anajua? Huku wanalala watu tisa chumba kimoja, na unga wa muhogo umekwisha.

Kijana alinyamaza, kisha akaahidi kutuma 40. Kumi zilibaki kwa Journalism. Mbio zilikuwa zianze hapa ikikaribia saa saba usiku. Mama, aliyekataa mchezo wote, aliomba aamshwe.