Kazi Isiyobandikwa Mlangoni

Nilipotoka seminarini nilikuwa na miaka 24 na suruali moja nzuri. Mwaka mzima nilizunguka Lubumbashi na bahasha mkononi, toka mlango wa kampuni moja hata mwingine, nikisoma mbao za matangazo. Siku moja mlinzi mzee alinihurumia: «Mwanangu, karatasi ikibandikwa hapa, mtu amekwisha patikana. Ninyi mnakuja kumsindikiza tu.»

Neno lile lilinichoma, lakini lilikuwa kweli. Mwaka 1910 hapa Katanga iliundwa Bourse du Travail, kusudi iwatafute watu wa kazi hata vijiji vya mbali; siku zile kazi ilimfuata mtu. Leo mtu anaifuata, nayo hupita mlango wa nyuma. Mkubwa akipungukiwa na karani, huwauliza kwanza walio karibu naye: nani anamjua kijana mwaminifu? Na kabla hajauliza, wengine wamekwisha jua: dereva, mpishi, mtunza bohari. Wao ndio huona nani anastaafu, nani anahamia Kolwezi, mashine gani mpya imefika bila fundi.

Basi niliacha kuomba kazi, nikaanza kuomba habari. Jumapili jioni nilimwendea mtu nyumbani kwake, nikamwuliza kazi yao inakwendaje na wanapungukiwa na nini. Mtu akiombwa kazi hukunja uso, maana hana ya kutoa. Akiulizwa juu ya ufundi wake, hukupa kiti. (Anayetaka fedha kwanza, mwache, mara nyingi hana nafasi yoyote.) Kwa njia hiyo nilipata ukarani wangu wa kwanza.

Lakini sina budi kuungama jambo moja. Mwaka jana, baada ya Misa, mtunza bohari mmoja alininong'oneza kwamba karani wao anaondoka mwisho wa mwezi. Nyumba ya kwanza njiani ni ya mama mjane auzaye makaa. Mwanawe nilimfundisha katekisimu mimi mwenyewe, na hati yake yapita yangu kwa uzuri. Niliipita nyumba ile. Nilikwenda kwa shemeji yangu, naye Jumatatu akaandikwa kazi.

Jumanne nilimkuta yule kijana mlangoni pa kampuni ile ile, amesimama mbele ya ubao.

«Jambo, Mwalimu,» akasema kwa furaha. «Leo wamebandika karatasi!»

Nilijifanya kuisoma pamoja naye.