Lita Nane

Mwezi wa sita mwaka ule tipa yangu ilikuwa inakunywa oili ya haidroliki na sikuweza kujua inaipeleka wapi. Kila asubuhi hapa Matembwe, baridi ikiwa bado imeganda kwenye kioo cha mbele, nilifungua mfuniko wa tangi, nikachomeka kijiti, nikakuta oili imeshuka tena. Chini ya gari pakavu. Labda ukavu ule ndio uliosema na moyo wangu.

Kulikuwa na vujo jingine kabla ya hilo, dogo, la kuonekana kwa macho. Oili ilidondoka chini ya pampu, nami bila kufikiri nikabadilisha oringi za pampu. Ikadondoka tena. Utingo wangu, kijana aliyetoka upande wa Ludewa, akaomba majivu jikoni. Tuliosha pampu na mipira kwa sabuni ya unga, tukafuta kwa tambara, akapuliza majivu kila mahali, kisha nikawasha gari nikanyanyua bodi. Nilipotaka kupapasa kwa vidole, akanishika mkono, akanipa kipande cha boksi. Alikuwa sahihi: oili yenye presha ikipenya tundu dogo huingia mwilini kama sindano, jeraha likaonekana kama la mwiba, na mtu akaja kukatwa kidole. Baada ya dakika chache mstari mweusi ukatokea kwenye majivu, lakini juu kabisa, kwenye maungio ya valvu. Oili ilikuwa inateremka na mpira mpaka kwenye pampu, inadondokea huko. Akakaza nati, basi.

Ingenitosha kujifunza siku ile kwamba panapolowa sipo panapovuja. Wenzetu wenye magari ya paa la kukunja wanalijua hilo. Katika Jaguar XK8, lililoanza kuuzwa mwaka 1996, pampu ya paa iko nyuma kwenye buti, lakini mpira ukichoka dereva anaweza kumwagikiwa na oili ya kijani kutoka juu ya kioo cha mbele. Mfaransa Blaise Pascal alilieleza zaidi ya miaka 300 iliyopita: kimiminika kilichofungiwa hupeleka msukumo wake kila upande sawasawa. Kitatokea palipo dhaifu, hata pawe mbali.

Basi vujo hili la pili halikuwa na tone wala harufu, na nilikuwa na haraka. Kulikuwa na mchanga wa kupeleka Lupembe, na mteja alikuwa anapiga simu. Nikawaza: oili haina miguu. Nikawaza tena jinsi ilivyo rahisi kuuza lita moja moja barabarani. Jioni moja, mbele ya watu, nikamwambia kijana, kikulacho ki nguoni mwako. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mzee, gia zimekuwa nzito siku hizi. Na kile kipumulio cha gia boksi nakiona kimelowa." Nikaona anabadilisha mazungumzo. Nikamkata mshahara, thamani ya lita 8. Asubuhi alinisalimia kamwene kama kawaida, akachukua begi lake, akapanda gari la kwanza kwenda Makambako.

Wiki iliyofuata gia ziligoma kabisa. Fundi wa Njombe alilala chini, akafungua nati ya kupimia oili ya gia boksi, na kabla hajaitoa yote oili ikamrukia kifuani. Haikuwa ile nzito inayonuka; ilikuwa nyepesi, ya haidroliki. Pampu ya tipa yangu imefungwa ubavuni mwa gia boksi na inazungushwa na gia zake. Kinachotenganisha oili mbili hizo ni sili moja kwenye shafti, ndogo kuliko bangili ya mtoto. Ilikuwa imekatika mdomo. Oili haikuwa imetoka nje ya gari hata siku moja.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilimwona yeye kabla ya kuona chuma. Jibu ninalolipata silipendi: hakuwa na mjomba kijijini wa kuja kuniuliza. Angekuwa mwanangu, huenda ningekwenda kukitazama kipumulio. Nasema huenda, maana wanangu nao nimewahi kuwakatiza maneno. Fedha yake nilimtumia kwa simu na ujumbe wa kuomba radhi. Ilipokelewa. Ujumbe haujajibiwa, na sijui kama nina haki ya kungoja jibu.

Oili ile mchanganyiko haikufaa tena garini. Niliipaka kwenye nguzo za zizi, zisiliwe na mchwa. Ila kabla ya kuipaka niliipima kwa dumu. Ukiondoa kiasi cha gia boksi yenyewe, zilizidi lita 7. Naona aibu kuliandika hili, lakini moyo ulinidunda: na ile moja? Nilichukua tochi nikaingia tena chini ya gari. Juu ya gia boksi, kuzunguka kipumulio, vumbi la barabara ya Lupembe lilikuwa limelowa likawa tope jeusi, nene kama ugali, pale pale aliponiambia.