Dolly Parton, betri iliyovuja na kitaa cha saba

Nimekuwa kimya kidogo, kazi zimenibana. Leo tuachane na mambo ya kuandika programu, niwasimulie ya mjomba wangu.

Mjomba anaishi Marekani. Kama Wakenya wengi wa rika lake, amekua na nyimbo za kantri redioni. Mwaka jana alinunua mashine ya pinboli iliyokufa: Dolly Parton, iliyotengenezwa na Bally mwaka 1979. Kwa wasioijua pinboli, ni meza yenye mteremko ambapo unaupiga mpira wa chuma kwa vibawa viwili usidumbukie chini. Za Dolly zilitengenezwa 7,350 tu. Zile za bendi ya KISS, mwaka huo huo, zilifika 17,000.

"Mpwa wangu, si wewe ulisomea kompyuta? Nisaidie."

Tukaifungua tukiwa kwenye simu ya video. Ndani mna prosesa ya Motorola 6800 na betri ndogo iliyochomelewa kwenye bodi, kazi yake kutunza alama za juu umeme ukizimwa. Betri hizo zikizeeka huvuja, na majimaji yake hula njia za shaba. Bodi ya mjomba ilikuwa imeota ukijani kama mkate wa wiki mbili.

Nikamshauri anunue bodi mpya ya kuiga ile ya zamani. Zipo za kutumia programu ile ile, bila betri ya kuvuja.

Sasa sikilizeni. Mashine hizi zikiwashwa hujipima zenyewe, na kitaa kimoja kwenye bodi humweka mara saba: programu iko sawa, kumbukumbu iko sawa, hivyo hivyo hadi cha saba, kinachothibitisha umeme wa kusukuma vibawa upo. Yetu ilimweka mara sita ikanyamaza. "Mjomba, angalia fyuzi." Ilikuwa imeungua.

Niliona haya. Mwezi uliotangulia, programu yangu ya mishahara ilikosea kimya kimya na watu wakalipwa pungufu. Nilikesha siku mbili kutafuta kosa ambalo mimi mwenyewe nililinyima sauti. Mainjinia wa miaka ya 1970, kwa kitaa kimoja, walikuwa waungwana kuliko mimi. Siku hizi kila hatua ya programu yangu inasema imefika wapi.

Likabaki suala la kioo cha mbele. Picha huchapwa nyuma ya kioo, na joto la taa huibambua rangi. Dolly alikuwa amebambuka shavuni. Kwa mashine maarufu kama hizi, hata vioo vipya vya kuiga huchapishwa. Nikamwambia aagize.

"Hapana. Bodi ilikuwa kazi tu. Huyu ndiye niliyemnunua."

Nilibisha, kisha nikamwacha. Akapaka dawa ya kuzuia rangi isiendelee kubambuka, basi. Nami nikamwomba asiitupe ile bodi ya kijani.

Jumapili iliyopita mashine iliwaka. Mama akachungulia simuni akauliza, "Mbona Dolly ana kovu?" Mjomba akacheka hadi akapoteza mpira.

Je, nyinyi mngebadilisha kioo?