Kibaraka Mwenye Kura

Wako wanafunzi watufundishao bila ya wao kujua. Mmoja wao, kijana wa sekondari hapa Kampala, alikuwa ametuuliza jina la Kiswahili la wale makabaila wa Ulaya ya kale walioshika ardhi kwa idhini ya mfalme na kumwapia utii. Nasi, pasi na kufikiri sana, tulimjibu: "Vibaraka."

Siku chache baadaye alitujia amenuna. "Mwalimu, vibaraka wangu wameninyang'anya ufalme!"

Kumbe alikuwa akicheza kwenye kompyuta mchezo uitwao Crusader Kings III, uliotolewa Uswidi mwaka 2020, ambamo mchezaji hutawala katika zama za kati. Humo ufalme hurithiwa kwa njia mbalimbali, na mojawapo ni uchaguzi. Mfalme ana kura yake, na wakuu walio chini yake wana zao. Akifa, taji humwendea aliyeungwa mkono na wengi, hata kama si mwanawe. Mrithi wa mchezaji hubaki na ardhi yake nyingine, huku akimpigia goti mfalme wa ukoo mwingine. Kijana wetu hakuwavuta wakuu wake kwa zawadi wala kwa ndoa. Tulipomwuliza sababu, alijibu: "Kibaraka si hufanya atumwalo? Ndivyo ulivyonifundisha."

Jibu hilo lilitukaa rohoni, tukafungua vitabu vya historia. Mwaka 1356 Kaizari Karl IV alitoa Hati ya Dhahabu, iliyothibitisha wateuzi saba wa mfalme wa Ujerumani: maaskofu wakuu wa Mainz, Trier na Köln, mfalme wa Bohemia, na watawala wa Pfalz, Saksonia na Brandenburg. Kura nne zilitosha. Siku 30 zikipita bila ya uamuzi, hati iliagiza wapewe mkate na maji tu mpaka wakubaliane. Karl alijua kuwabembeleza wenziwe, nao mwaka 1376 wakamteua mwanawe Wenzel, baba angali hai. Lakini mpanda ngazi hushuka: mwaka 1400 wateuzi wanne walimwondoa Wenzel, wakamweka mmoja wao, Ruprecht wa Pfalz.

Je, hao ni vibaraka? La hasha! Kibaraka kwetu ni mtu anayetumiwa na mwenye nguvu dhidi ya wenzake, na neno hilo limebeba uchungu wa siasa zetu. Mkuu wa Ulaya alipiga goti, ndiyo, lakini kiapo kilimfunga mfalme pia, na kura ilikuwa mkononi mwa aliyepiga goti. Tulijaribu "liwali", tukaliacha, maana liwali wa mwambao aliteuliwa na Sultani wa Zanzibar, hakumteua Sultani. Mwishowe tukaandika ubaoni "mkuu wa kiapo". Neno hilo halimo kamusini, nasi twawaomba walimu wenzetu walipime.

Kijana tulimtaka radhi mbele ya darasa. Haikuwa rahisi, kwani mwalimu hupenda kuaminiwa, na huyu alituamini hata akapoteza ufalme. Alicheka, akasema ataanza upya, na safari hii atawaandalia kwanza karamu wakuu wake wa kiapo.