Nyenje wa Darini

Tulimtafuta yule nyenje siku tatu. Alikuwa analia mara moja tu, ti!, kisha kimya cha kama dakika nzima, halafu ti! tena, na kila ukisogea ulikodhani yupo, anakuwa amehamia kwingine. Mke wangu alivuta kabati la vyombo. Mjukuu akapulizia dawa ya mende nyuma ya friji. Mimi, nasema kwa aibu, nilimuua mjusi asiyehusika. Usiku wa tatu umeme ulikatika, nyumba ikatulia, nami nimejinyoosha chali mkekani kwa joto la Oktoba la hapa Tabora, ndipo nikaona kitaa chekundu kikiwaka na kuzima juu ya mlango wa jikoni, sawia na ule mlio. Hakuwa nyenje. Kilikuwa king'ora cha moshi, kinaomba betri.

Alikileta mdogo wangu anayeishi Leicester. Huko Uingereza, tangu Oktoba 2015, mwenye nyumba ya kupangisha analazimika kisheria kuweka angalau king'ora kimoja kila ghorofa, na mdogo wangu amezoea kiasi kwamba nyumba isiyo nacho anaiona kama nyumba isiyo na mlango. Alipokuja likizo alipanda stuli, akatoboa dari la jipsamu, akafunga skrubu mbili, akabonyeza kitufe. Sote tukaziba masikio, yeye anacheka. "Kaka, hiki kitakuwahi kabla moto haujakuwahi." Kisha akapanda ndege zake. Hakuuliza jikoni kwetu kunapikwa nini.

Kwetu kunapikwa kila kitu. King'ora kililia kwa maandazi. Kililia kwa kitunguu kilichozidi kukaangwa. Kililia Ijumaa kwa ubani, na kililia siku ya mvua ya kwanza mke wangu alipoliingiza jiko la mkaa ndani. (Hapo, kusema kweli, kilikuwa na haki kuliko tulivyojua. Mkaa ukishashika vizuri hauna moshi, lakini unatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo king'ora cha moshi hakiioni kabisa. Jiko la mkaa si la kulala nalo chumbani, king'ora kiwe kimelia au hakikulia.) Kililia hata kwa mvuke wa ndoo ya maji ya kuoga. Mara ya kwanza jirani alikuja mbio na ndoo ya mchanga. Mara ya pili alikuja na ndoo ile ile, akitembea. Mara ya tatu alichungulia dirishani. Mara ya nne hakuja.

Kwa hiyo usiku ule wa nyenje nilipanda stuli, nikaichomoa betri, nikaitupa kwenye droo. Raha iliyoje! Mdogo wangu akipiga simu na kuuliza kama king'ora kipo, nilimjibu kipo. Na kweli kilikuwepo, darini, kimetulia kama kisahani cha pambo. Tuliishi hivyo miezi minane.

Aliyeniharibia raha yangu ni mrina asali mmoja wa upande wa Sikonge ambaye huniletea asali kila msimu. Tulikaa barazani, nikamuuliza swali la kitoto: moshi unawafanya nini nyuki? Akaniambia nyuki mlinzi akichoma hutoa harufu, na ukiwa karibu unaisikia, kama ndizi iliyoiva sana. Harufu hiyo ndiyo kelele yao: wenzake wakiinusa wanatoka wote. Mrina anapopuliza moshi mlangoni mwa mzinga, iwe kwa kienge cha nyasi au kwa bomba, harufu ya moshi inaifunika ile ya ndizi, na nyuki wengine wanakimbilia kujaza matumbo asali kana kwamba wanajiandaa kuhama. "Mzinga unanyamaza," akasema, "halafu mimi nachukua vyao." Alisema hivyo huku anakunywa chai yangu, hana habari na kilichokuwa juu ya mlango wangu wa jikoni.

Jioni ile nilikishusha king'ora, nikakifungua mezani juu ya gazeti. Ndani mna kichumba cheusi kidogo kuliko kizibo cha chupa ya chai, chenye njia za kona kona ili mwanga wa nje usipenye. Upande mmoja kuna kitaa, upande mwingine kuna kijicho, navyo vimewekwa kwa pembe ili visitazamane. Hewa ikiwa safi, mwanga unapita bila kijicho kuuona. Moshi ukiingia, chembe zake zinautawanya mwanga, kiasi kinaangukia kwenye kijicho, na kelele inaanza. Ni hayo tu. Zipo aina nyingine zinazotumia chembe ya amerisiamu, madini yenye mionzi, isiyofika sehemu moja ya milioni ya gramu, ambazo huwahi zaidi moto wa miali. Hii ya mwanga huwahi zaidi moto wa kufukuta, ule wa godoro na nyaya. Changu kilikuwa na vumbi jekundu la kiangazi chetu, mafuta ya maandazi yaliyogandia kwenye matundu, na buibui mdogo aliyejenga nyumba mlangoni kabisa mwa kichumba. Kila buibui alipoingia kwenye mwanga, sisi tulikuwa tunasema king'ora kinadanganya.

Hilo neno lilinikaa rohoni. Kile kidude hakijawahi kusema kuna moto. Kinasema kimeona kitu hewani. Aliyekiweka hatua mbili kutoka kwenye karai la maandazi ni mdogo wangu, na aliyekiacha kifunikwe vumbi ni mimi.

Mlio usiosema maana yake si jambo jipya hapa kwetu. Wageni wakinitembelea huwapeleka Kwihara, kilomita chache kutoka mjini, kwenye tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872. Pale huwa nawaeleza jinsi misafara ilivyoingia Unyanyembe, yaani eneo hili la Tabora. Baada ya kutembea wiki nyingi kutoka Bagamoyo, wapagazi walivaa nguo walizozitunza kwa siku hiyo, kirangozi, kiongozi wa msafara, akashika mbele, na bunduki zikapigwa hewani ili mji ujue wamefika. Watu wakatoka kupokea. Sasa, Agosti 1871 mtemi Mirambo aliishambulia Tabora, mfanyabiashara Mwarabu Khamis bin Abdallah akauawa, sehemu ya mji ikachomwa, na bunduki siku hiyo zililia kwa baruti ile ile. Mwanamke aliyekuwa anatwanga mtama uani alitambuaje, kwa milio mitatu ya mwanzo, kama ni ya vigelegele au ya kubeba mtoto na kukimbia? Mimi si mwanahistoria, lakini nadhani hakutambua. Nadhani aliacha mchi, akatoka kutazama, kama alivyotoka kila mara.

King'ora changu nimekihamishia koridoni, nje ya vyumba vya kulala, zaidi ya mita tatu kutoka jikoni, juu kabisa kwa sababu moshi hupanda. Hapo ndipo mahali pake, maana pua ya aliyelala nayo imelala, na moto wa usiku hauna desturi ya kubisha hodi. Wazazi waliopokea habari za moto wa mabweni ya shule za sekondari za Shauritanga mwaka 1994 na Idodi mwaka 2009 hawahitaji kuelezwa hilo na mtu kama mimi. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi mjukuu anabonyeza kitufe kwa mpini wa ufagio, nami napitisha brashi laini kwenye matundu. Betri naibadilisha kila mwaka. Chenyewe kikifikisha miaka kumi tangu kilipotengenezwa kinatupwa, hata kama bado kinalia vizuri, na mwaka wa kutupwa umeandikwa nyuma. Ukutani, kando ya simu ya mke wangu inapochajiwa, tumeandika kwa kalamu nene 114, namba ya Zimamoto.

Lakini nilikuwa na king'ora kingine nilichokuwa nimekichomoa betri, na hicho sikukifungua mezani. Shangazi yangu anaishi peke yake mtaa wa Ng'ambo, isipokuwa mpangaji mmoja wa chumba cha uani. Shangazi hupiga simu. Leo kuku hajarudi bandani, kesho kizunguzungu, keshokutwa mpangaji hakuitikia salamu vizuri. Baada ya Isha nilikuwa naizima sauti ya simu, na nilijiambia nina haki, mtu mzima anahitaji usingizi. Asubuhi moja nikakuta amepiga mara nne kati ya saa saba na saa tisa usiku. Nilikunywa chai kwanza. Nilipofika, kwenye ukuta wa chumba chake palikuwa na alama nyeusi ya ukubwa wa sahani, na soketi ya friji imeyeyuka ikaning'inia. Kumbe siku mbili alikuwa anasikia harufu ya plastiki. Mpangaji, huyo huyo wa salamu, ndiye aliyeamka na kuzima swichi kuu. Hakuna kilichoungua zaidi ya pazia.

Nilianza kuomba radhi, akanikatiza. "Nilijua umelala, baba." Akaniuliza kama nimekunywa chai.

Simu siku hizi nalala nayo karibu na sikio, sauti imefunguliwa. Juzi saa tisa usiku ililia, nikaamka moyo unadunda, nikapokea. Ilikuwa habari ya kuku.